Ubingwa haukuwaokoa Greenville Groove

Mwaka 2002 ukumbi mmoja wa Greenville, South Carolina, ulitoa mabingwa wawili. Timu ya hoki ya barafuni, Grrrowl, ilitwaa Kelly Cup, kombe la ligi yake. Timu ya kikapu, Groove, ikatwaa taji la kwanza kabisa la NBDL, ligi ndogo ya NBA ambayo leo inaitwa G League, kwa kuwafunga jirani zao wa jimbo hilohilo, North Charleston Lowgators, michezo 2-0. Mwaka uliofuata Groove ikafutwa. Haikuuzwa wala kuhamishwa. Ilikuwa imecheza misimu miwili tu.

Maelezo yanayotolewa upesi ni kwamba watu hawakwenda uwanjani. Ni kweli kwa sehemu, lakini hayatoshi, kwa sababu Groove haikuwa peke yake. Mobile Revelers ya Alabama ilitwaa taji la 2003 chini ya kocha Sam Vincent, nayo ikavunjwa mwaka huohuo. Asheville Altitude ikabeba la 2004 na la 2005, kisha ikahamishiwa Tulsa. Albuquerque walishinda 2006, Dakota Wizards 2007, Idaho Stampede 2008, Colorado 14ers 2009. Mataji manane ya kwanza, timu saba, na hakuna hata moja inayocheza leo katika mji uliolipokea kombe. Ukiona jambo linajirudia hivyo, acha kuulaumu mji mmoja, utazame namna ligi yenyewe ilivyoundwa.

NBDL ilizaliwa katika mazingira ya hofu. Februari 2001 ligi kongwe ya daraja la chini, CBA, aliyoinunua nyota wa zamani wa kikapu Isiah Thomas mwaka 1999, ilisimama katikati ya msimu. NBA ilikuwa imeshaamua kuanzisha ya kwake, nayo ikaanza Novemba 2001 na timu nane, zote za kusini-mashariki mwa Marekani: Asheville, Columbus ya Georgia, Fayetteville, Greenville, Huntsville, Mobile, North Charleston na Roanoke. Ramani hiyo ilichorwa kwa sababu ya basi. Greenville hadi Asheville ni kama kilomita 100. Hata Mobile, ambako ni mbali kweli, unafika kwa siku moja ya barabara. Ligi ndogo inayosafiri kwa ndege hufa haraka zaidi.

Jambo la pili la muundo ndilo zito. Timu zote nane zilikuwa mali ya ligi. Mchezaji alisaini mkataba na ligi, si na Groove. Mshahara ulikuwa karibu dola 30,000 kwa msimu, na timu yoyote ya NBA ingeweza kumchukua mchezaji asiye na mkataba huko juu wakati wowote. Chris Andersen, chaguo la kwanza la drafti (zamu za timu kuteua wachezaji wapya) ya NBDL, aliichezea Fayetteville kwa siku chache tu kabla Denver Nuggets hawajamwita, Novemba ileile ligi ilipoanza.

Wanaoitetea NBA katika hili wana hoja nzuri kuliko wanavyopewa sifa. CBA ilianguka kwa sababu uhai wake wote ulitegemea mfuko wa mtu mmoja. Ligi inayomiliki timu zote haiwezi kuyumbishwa na mwenye timu aliyefilisika Januari. Pia lengo halikuwa kuuza tiketi. Lilikuwa kupata wachezaji, makocha na waamuzi. Kwa kipimo hicho Groove ilifanya kazi yake: Ansu Sesay, mshambuliaji wake, alikuwa mchezaji bora wa kwanza wa ligi, na Seattle SuperSonics wakamchukua. Sam Vincent alifika hadi kuwa kocha mkuu wa Charlotte Bobcats mwaka 2007. Ukiihesabu kama maabara, kufunga matawi mawili mwaka 2003 ni gharama ya majaribio, na G League ya leo, yenye timu 31, ndiyo matokeo yake.

Sasa geuza upande wa pili, uanze na hesabu ya tiketi. Msimu wa kwanza ulikuwa na michezo 56, kwa hiyo 28 nyumbani. Chukua mfano wa kubuni: watazamaji 1,500 kwa tiketi ya wastani wa dola 8. Hiyo ni dola 12,000 kwa usiku, dola 336,000 kwa msimu mzima. Wachezaji kumi kwa dola 30,000 kila mmoja ni 300,000. Kodi ya ukumbi bado. Kocha, mtaalamu wa tiba, hoteli, basi, bima, wauza tiketi na matangazo bado. Pengo hilo huzibwa na wadhamini wa mjini pekee: wauza magari, benki, hospitali, migahawa. Na mdhamini wa mjini huombwa na mtu anayefahamiana naye, aliyesoma na mwanawe. Meneja aliyeajiriwa na ligi hana mtandao huo, wala fedha yake mwenyewe haimo ndani. Kichekesho ni kwamba ofisi kuu ya NBDL wakati huo ilikuwa Greenville penyewe. Ligi ilikuwa mlangoni na bado ikawa mgeni.

Ukumbi nao uliwaponza. Bi-Lo Center, kama ulivyoitwa wakati huo, uliofunguliwa 1998, ulikuwa na viti zaidi ya 14,000. Watu 1,500 ndani yake wanaonekana kama waliochelewa kuondoka baada ya tamasha. Kelele hazipandi, picha za televisheni zinaonyesha viti vitupu, na anayekuja mara ya kwanza anajiona amekosea kuja. Zaidi ya hapo, tarehe nzuri, Ijumaa na Jumamosi, zinagombewa na hoki na matamasha. Timu ndogo inabaki na Jumanne. Juu ya yote msimu wa Novemba hadi Machi ndio msimu wa kikapu cha vyuo vikuu. Furman wako Greenville, Clemson wako kama kilomita 50. Chuo kina wahitimu wanaorithishana ushabiki; Groove ilikuwa na wachezaji ambao shabiki akilikariri jina leo, kesho hawapo.

Hapa mtetezi wa NBA atauliza: mmiliki binafsi angefanya vizuri zaidi? Swali la haki, na Utah Flash ya mji wa Orem ni jibu linalouma. Ilianza 2007 ikiwa na mmiliki mwenyeji, Brandt Andersen, katika jimbo linalopenda kikapu, na ikafika fainali ya 2009. Desemba mwaka huo Andersen alieneza matarajio kwamba Michael Jordan angekuja kupambana na Bryon Russell, mchezaji wa zamani wa Utah Jazz, mtu kwa mtu. Zaidi ya watu 7,500 walijaa, wakakuta Jordan wa bandia, wakaanza kutoka. Kuujaza ukumbi usiku mmoja si kazi ngumu sana. Kazi ni mtu yuleyule kurudi Jumanne ijayo, na hila ile iliua imani ambayo ndiyo bidhaa pekee ya timu ndogo. Flash ilisimama 2011.

Kwa hiyo umiliki wa mjini peke yake si dawa. Kilichokosekana Greenville na Orem kwa pamoja ni timu mama moja yenye kugharamia. Groove haikuwa na uhusiano na timu yoyote ya NBA. Utaratibu wa kuwatuma wachezaji wachanga chini ulianza 2005 tu, na mshahara wa anayetumwa hulipwa na waliomtuma. Ndivyo Hasheem Thabeet wa Tanzania, chaguo la pili la drafti ya 2009, alivyotumwa na Memphis Grizzlies kwenda Dakota Wizards Februari 2010. Timu ndogo ilipata jina la kuwekwa kwenye bango bila kulilipa. Flash nao walikuwa na uhusiano huo, ila wakigawana kati ya timu mbili za NBA, na mzazi wa nusu hajengi nyumba.

Los Angeles Lakers walianzisha timu yao wenyewe mwaka 2006, San Antonio Spurs wakainunua ya Austin mwaka uliofuata. Muundo ninaouona bora zaidi ulikuja 2009: Houston Rockets walichukua gharama na maamuzi ya kikapu ya Rio Grande Valley Vipers, kusini mwa Texas, wenyeji wakabaki na tiketi na wadhamini. Vipers wakawa mabingwa wa 2010. Hao ndio mabingwa wa kwanza wa ligi hii ambao bado wapo katika eneo lao lilelile.

Kwa maoni yangu, basi, kosa la 2003 halikuwa kuifunga Groove. Ikiwa haina mwenyeji wala mzazi, kuifunga ilikuwa suala la lini. Kosa lilikuwa kuianzisha hivyo, ndani ya ukumbi wa ukubwa ule.

Ila dawa ya timu mama ina ukali wake. Golden State Warriors waliinunua Dakota Wizards mwaka 2011. Bismarck, mji wa timu hiyo, ulikuwa umeshatwaa ubingwa, umemwona Thabeet, umejenga mazoea ya miaka. Mwaka 2012 Warriors wakaihamishia Santa Cruz, California, mwendo wa saa mbili hivi kutoka kwao, kwenye ukumbi mpya wa viti karibu 2,500. Kibiashara ni uamuzi ambao ningeufanya mimi pia. Bismarck hawakuulizwa.