Ndege Nyepesi Isipimwe kwa Mizani

Kuna maneno yanazunguka vijiweni hapa Kigoma, na juzi nimeyasikia tena pale Mwanga kutoka kwa mzee ninayemheshimu sana: eti Marekani siku hizi mwenye leseni ya gari anarusha ndege. Waliokuwepo wakatikisa vichwa, mmoja akasema wale watu wamechoka kuishi. Yameniudhi, maana kilichobadilika kule ni kingine kabisa, ni kipimo cha ndege ambazo rubani wa ngazi ya chini anaruhusiwa kurusha, na sisi wa magharibi kinatuhusu.

Leseni ya gari haimruhusu mtu kurusha chochote. Tangu 2004, kwenye daraja lao la rubani wa ndege za michezo, yaani ndege ndogo za kujirushia mwenyewe, inakubaliwa badala ya cheti cha daktari wa anga, basi. Mafunzo yako palepale: saa zisizopungua 20 angani, 15 kati ya hizo na mwalimu na 5 peke yako, mtihani wa maandishi, kisha mtahini anapanda nawe. Na aliyeomba cheti cha afya akanyimwa hawezi kukimbilia leseni ya gari.

Kosa la 2004 lilikuwa kwenye mizani. Ndege ya michezo ya nchi kavu ilitakiwa isizidi kilo 600 inapopaa, pamoja na watu na mafuta. Sasa chukua Cessna 150, ndege ya viti viwili iliyofundisha marubani dunia nzima, zimeundwa zaidi ya 23,000. Uzito wake wa juu ni kama kilo 726, kwa hiyo ikafungiwa nje. Mwanafunzi akaambiwa aiache ndege iliyozoeleka, ambayo kila fundi anaijua, atafute nyingine iliyopunguzwa kila kitu ili mizani iridhike. Watu wazima wawili wenye miili yao wakishakaa, mafuta yanabaki ya kuhesabu. Muulize mvuvi yeyote wa Kibirizi kama mtumbwi mwepesi ndio salama zaidi ziwa likichafuka, usikie atakavyokujibu. Mimi sielewi ilikuwaje uzito ukafanywa kipimo cha usalama, na kwa miaka zaidi ya 20!

Kinachoua ni mwendo. Kila ndege ina mwendo wa chini ambao mabawa bado yanaibeba. Ukishuka chini ya mwendo huo, yanaachia. Injini ikizima juu ya pori la Uvinza, huo ndio mwendo unaoamua utagusa ardhi kwa kasi gani, na pigo hukua kwa mraba: mwendo ukizidi mara mbili, pigo linakuwa mara nne. Mwaka 2025 FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wakalikubali hilo. Kuanzia Oktoba 22, 2025, rubani wa michezo haulizwi tena kilo. Anaulizwa kama ndege yake, flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zikiwa hazijashushwa, bado inabebwa na mabawa mwendo ukipungua hadi noti 59, karibu kilomita 109 kwa saa. Viti vinaweza kufika vinne, ila abiria ni mmoja tu, na hapo wamefanya vizuri. Cessna 172 nayo imeingia.

Nakubali, shingo upande, kwamba kando ya kilo kulikuwa na kikomo cha mwendo huo pia, noti 45, na kutoka 45 kwenda 59 pigo linaongezeka kwa kama asilimia 70. Si jambo dogo. Lakini angalau sasa tunabishana juu ya kitu chenyewe.

Habari ya daktari, hapana, kwetu abaki. Mtu mwenye kifafa au moyo mbovu asiachiwe ajipime mwenyewe.

Na nisimdanganye mtu: leseni hii ya rubani wa michezo hairuhusu kubeba abiria wa kulipa, kwa hiyo haitaleta teksi ya anga ya kwenda Kalya. Itakachofanya ni kumpa kijana wa Kasulu au wa Urambo mlango wa kuingilia. Leseni ya kawaida ya rubani binafsi inadai saa 40, na kila saa ni mafuta, ni ndege, ni mwalimu, mbali na nyumbani. Mzazi anayeuza dagaa au asali anaishia kwenye hesabu ya kwanza. Zikiwa saa 20, kijana akazimaliza, anaweza kuendelea kujazia taratibu kadiri pesa inavyopatikana. Mamlaka yetu ya Usafiri wa Anga ikifikiria daraja la namna hii, naiomba ianze na swali la ndege inaweza kwenda taratibu kiasi gani bila kuanguka. Kilo zije baadaye.