Mpingo Dodoma: tuupande, au tuutunze uliopo?

Mvua za Desemba zikianza, Dodoma tunagawana miche, na swali linarudi palepale: mbona mwarobaini kila mwaka? Mpingo ndio mti wa taifa na unastahimili ukame, kwa nini tusipande huo?

Wanaoutetea wana hoja nzito. Shika kipande chake: pembeni kina rangi ya maziwa yenye umanjano, katikati kiini cheusi kinachokaribia zambarau. Kitumbukize kwenye ndoo ya maji, kinazama kama jiwe. Klarineti na obo nzuri, ala za muziki za kupuliza, huchongwa kwa mti huo. Kule Kilwa, tangu vijiji vya kwanza viingie mwaka 2009 kwenye cheti cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa bila kuharibiwa, wanakijiji huuza mpingo wa msitu wao wenyewe na fedha hubaki kijijini.

Wanaoupinga nao hawajakurupuka. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Kiangazi hupukutisha majani, kwa hiyo Septemba, jua la Dodoma likiwaka, kivuli hakuna. Kwenye uwanja wa shule hata mimi nitapanda mwarobaini. Na mche mchanga wa mpingo, mbuzi anaumaliza asubuhi moja.

Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili zinabishania mche. Kilwa hawakuanza na kitalu. Msitu ulikuwepo, wakapata haki ya kuumiliki na kuuvuna chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Sisi tuna kampeni ya Kisiki Hai, ambayo wakulima wengi wa hapa wanaijua: unachagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, unapogolea mengine, unafunga kitambaa ili anayepita ajue mti una mwenyewe. Mpingo huchipua vizuri kutoka kwenye mizizi. Chipukizi lake lina mizizi mirefu tayari ardhini, halihitaji kumwagiliwa kama mche wa kwenye kiriba.

Kwa hiyo naegemea hapa: mjini mwarobaini uendelee, na nguvu za mpingo ziende kwenye visiki vya vijijini. Ila kitambaa peke yake hakimzuii mchoma mkaa. Kijiji kitenge msitu wake kisheria kwanza, na kamati yake iwe na meno. Bila hivyo, chipukizi tulilolitunza miaka kumi litaishia kwenye gunia la mkaa kandokando ya barabara.