Bingwa wa watoto anapoweka kisu chini

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti kutoka Mulago, hospitali kuu ya rufaa ya Uganda, kuhusu watoto wanaozaliwa matumbo yakiwa nje. Madaktari huiita gastroskisisi. Ukuta wa tumbo unaacha kitundu, mara nyingi kulia kwa kitovu, na utumbo unatokea hapo ukiwa mtupu, bila hata utando wa kuufunika. Waliokufa walikuwa asilimia 98.

Nimeirudia namba hiyo mara nyingi na kila mara inanikwaza. Miaka mitano baadaye jarida la The Lancet likatoa utafiti mpana zaidi, uliokusanya taarifa kutoka hospitali 264 za nchi 74. Humo gastroskisisi iliua watoto 90 kati ya 100 katika nchi za kipato cha chini na 32 katika nchi za kipato cha kati. Katika nchi tajiri hawakufika hata wawili. Ugonjwa ni uleule, na tiba yake imejulikana kwa miongo kadhaa.

Miongoni mwa walioandika utafiti wa Mulago wamo John Sekabira, daktari ambaye kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa mabingwa wachache mno wa upasuaji wa watoto nchini Uganda, na Doruk Ozgediz, bingwa wa Marekani aliyeshirikiana naye kwa muda mrefu. Ukitazama walivyotumia miaka yao, utaona mengi ambayo hayafanani na sifa tunazompa daktari wa kisu: kuandikisha kila mgonjwa wodini, kufundisha vijana, kupigania chumba cha upasuaji cha watoto peke yao, kuhesabu vifo na kuvitangaza bila kuficha. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Nchi ambayo takriban nusu ya watu wake hawajafika miaka 18, na ambayo kwa muda mrefu mabingwa wake wa fani hii ungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, inawezaje kumruhusu bingwa kuacha kisu akaenda kwenye semina?

Wanaouliza hivyo si watu wa hila. Asubuhi ya siku ya upasuaji, kina mama wamekaa kwenye benchi na watoto waliozuiwa kula tangu usiku. Mtoto wa miaka miwili haelewi kwa nini leo hapewi uji, analia hadi sauti inakauka. Saa nne anatoka muuguzi na karatasi yake: orodha imefupishwa, fulani na fulani warudi wiki ijayo. Kama sababu ya kufupishwa ni kwamba bingwa yuko kwenye mkutano, ukimweleza mama huyo kuhusu "kuimarisha mifumo" atakuona una kichaa. Nauli ya kuja ameshakopa, na ya kurudi hajui ataitoa wapi.

Kuna hoja nzito zaidi ya hiyo. Upasuaji mwingi wa watoto ni wa kawaida na bei yake ni ndogo. Utafiti wa ngiri za watoto uliofanywa Uganda na kuchapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa uligharimu kama dola 12. Kwa hesabu hiyo ngiri inasimama benchi moja na vyandarua vya mbu, na mpanga bajeti anayesema upasuaji ni anasa ya matajiri hana pa kujificha. Sasa, kama ngiri ni rahisi hivyo, kwa nini tusipeleke mabingwa mikoani, wapige kambi wiki nzima, wafanye ngiri mia moja na kuondoka? Uganda wamefanya kambi za namna hiyo kwa watoto, na mwaka 2014 Sekabira mwenyewe, pamoja na Geoffrey Blair wa Canada na wengine, waliandika kuzihusu kama njia mojawapo ya ushirikiano. Tanzania nako, tangu 2024, wananchi wamewapangia foleni madaktari bingwa wa Mama Samia katika hospitali za wilaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyepona kambini huwezi kumwambia kwamba kambi haina maana, na mimi sitajaribu.

Lakini kambi haiwezi kumsaidia mtoto wa gastroskisisi. Hangoji ratiba ya mtu, na saa zake zinahesabika.

Hebu tumfuate. Amezaliwa usiku katika kituo cha afya, mbali na Kampala. Mkunga hajawahi kuona kitu kama hiki. Kwa huruma anaufunika utumbo kwa kitambaa kilicholowa maji, kama alivyofundishwa kuhusu vidonda. Kitambaa kinapoa na kuvuta joto lote la mwili mdogo wa kilo mbili na kidogo. Gari la wagonjwa halina mafuta, kwa hiyo ndugu wanahangaika hadi alfajiri, wanapata usafiri wa abiria, bibi anampakata mtoto ndani ya khanga. Njiani hanyonyi, na vizuri asinyonye, ila hana dripu pia, na utumbo ulio wazi unapoteza maji kila dakika. Anafika baada ya saa nyingi, wengine baada ya siku, akiwa baridi, mkavu, utumbo umevimba na kugeuka rangi, na bakteria wameshaingia kwenye damu. Bingwa anaitwa. Hata angekuwa bora kuliko wote duniani, mtoto huyu ameshapotea njiani.

Turudi mwanzo tubadilishe machache. Mkunga ameonyeshwa siku moja, kwa mkono, cha kufanya. Anauweka utumbo ndani ya mfuko safi wa plastiki au anauzungushia nailoni ile ya kufunikia chakula, ili maji na joto visipotee. Anamlaza mtoto kwa ubavu wa kulia ili mishipa ya utumbo isikunjwe. Anapitisha mrija puani hadi tumboni kutoa hewa, anaweka dripu, anampa antibayotiki, anamfunika kichwa, na kabla gari halijaondoka anapiga simu hospitali ya rufaa. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji bingwa awepo. Vyote vinahitaji bingwa awe amepita, amefundisha, na ameacha namba ya simu inayopokelewa.

Huko rufaa nako, kisu hakitangulii. Siku hizi utumbo huwekwa kwenye mfuko wa silikoni wenye pete laini, unaoingizwa kwenye kile kitundu kitoto kikiwa kitandani, mara nyingi bila dawa ya usingizi. Mfuko unaning'inizwa juu yake na kila siku unabanwa kidogo, utumbo unarudi ndani wenyewe kwa uzito wake, taratibu, mpaka siku chache baadaye tundu linafungwa. Pasipo na mfuko wa kiwandani, madaktari wa Afrika wameshautengeneza kwa mfuko wa dripu, wa mkojo, hata kwa kondomu ya kike, ambayo pete yake inafaa ajabu. Nikiri kwamba napenda habari za ubunifu huo kupita kiasi. Zinafanya umaskini uonekane werevu, na mtoto anayehitaji mfuko wa kondomu kwa kawaida anakosa na mengine kumi.

Kubwa kati ya hayo kumi ni chakula. Utumbo uliokaa nje haufanyi kazi kwa wiki kadhaa, na muda wote huo mtoto alishwe kupitia mshipani: sukari, protini, mafuta, chumvi, vikipimwa upya kila mara, kwenye mrija ambao ukichafuka mara moja unaua. Lishe hiyo ni ghali na hospitali nyingi za kwetu hazina kabisa. Ule utafiti wa The Lancet wa 2021 ulipotafuta nini kinaambatana na vifo vya watoto wenye kasoro za kuzaliwa za tumbo na utumbo, uliyakuta mambo ya namna hii: mtoto kufika akiwa ameshapata maambukizi ya damu, lishe ya mshipani kukosekana inapohitajika, mashine ya kupumulia kukosekana, na ile orodha ya ukaguzi wa usalama kabla ya upasuaji kutotumika. Orodha hiyo ni karatasi. Haigharimu kitu isipokuwa tabia ya watu chumbani kukubali kusimama dakika moja na kusomewa.

Kwa hiyo bingwa anayeketi na wakunga wa wilaya, anayebishana na mfamasia kuhusu lishe ya mshipani, anayewafundisha wauguzi wa watoto njiti namna ya kutunza mrija, anafanya upasuaji wa watoto. Anaufanya mahali ambapo vifo vinatokea. Mkosoaji wake anamtaka asimame mwisho wa foleni akiwapokea waliokwisha kushindwa.

Mpanga bajeti makini ana jibu lake, na ni jibu gumu. Gastroskisisi ni nadra, mtoto mmoja katika maelfu kadhaa ya vizazi. Mmoja akilazwa mwezi mzima kwa lishe ya mshipani atakula fedha ambazo zingetibu ngiri nyingi. Kwa nini tukimbilie kigumu wakati rahisi hakijaisha?

Ingekuwa hivyo kama fedha ile ingeishia kwake. Dan Poenaru, bingwa aliyefanya kazi miaka mingi Kijabe nchini Kenya na Ethiopia kabla ya kwenda Montreal, Canada, alikuwa miongoni mwa waliouliza, mwaka huohuo wa 2016, kama gastroskisisi inaweza kutumika kupima uwezo wa nchi katika upasuaji wa watoto wachanga. Wazo hilo ninalikubali kwa moyo wote. Wodi iliyojifunza kumweka hai mtoto huyu imejifunza joto, dripu isiyozidi wala kupungua, mrija safi, lishe, na rufaa yenye simu. Kitanda cha pili chumba hichohicho amelala njiti wa wiki 30 ambaye hajui kwamba mpango ule ulikuwa wa mtu mwingine; naye anapona. Mwenye kuziba kwa utumbo anapona. Hesabu ya "mtoto mmoja ghali" inawasahau majirani zake wote.

Chumba cha upasuaji cha watoto nacho kinabezwa kwa namna hiyohiyo. Watu wakiona picha za vyumba vilivyowekwa vifaa na shirika la KidsOR la Uskoti, Uganda na kwingineko, wanaona rangi na wanyama ukutani. Kinachobadilika ni foleni. Katika chumba cha pamoja, mtoto wa ngiri atasubiri kila mara, kwa sababu kila mara kutakuwa na mama mwenye uchungu uliokwama au kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, na nani atasema hao wasubiri? Mtoto anapopata chumba chake na mtaalamu wa dawa ya usingizi aliyezoea mapafu madogo, ndipo orodha ya Jumanne inapokuwa orodha kweli. Anayekipigania chumba hicho kwenye vikao miaka mitatu amewafanyia kina mama wa kwenye benchi jambo kubwa, ingawa siku za vikao hawakumwona.

Kuhusu mafunzo nitasema machache. Ndiyo, baadhi ya tunaowasomesha huondoka, na wanaobaki hujazana mijini. Hata hivyo Mulago leo ina mabingwa wa watoto kina Phyllis Kisa na Nasser Kakembo, na Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha, kinatahini mabingwa wa watoto ambao kizazi kilichopita kingelazimika kuwafuata ng'ambo. Mwalimu aliyeacha upasuaji mia mbili ili afundishe watu wanne, hesabu yake inajilipa baada ya miaka michache hata kama mmoja wa wanne amepanda ndege.

Bado kuna mahali hoja yangu inapwaya. Yupo mtoto aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa. Siku ya kwanza alitobolewa tumboni ili choo kitoke, na hiyo ilimwokoa. Zimebaki hatua mbili: kutengenezewa njia, kisha kufungwa lile tobo. Katika nchi zetu hatua hizo zinaweza kuchukua miaka. Mifuko ya kolostomi, ya kukinga choo kwenye tobo hilo, haipatikani au hainunuliki, kwa hiyo mama anafunga vitambaa, anafua mara nyingi kwa siku, ngozi ya mtoto inachubuka. Kazi ameiacha. Shuleni mtoto hapokelewi kwa sababu ya harufu, na kwenye daladala watu wanahama kiti. Upasuaji wake unahitaji bingwa hasa, si mkunga wala nailoni, na mabingwa ndio hawahawa wachache ninaowatetea wanapotoka chumbani.

Mtoto huyo kambi inaweza kumsogeza hatua moja, kama atakuwepo mtu wa kumtazama wageni wakishaondoka, maana njia mpya hutanuliwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi na tobo halifungwi siku hiyohiyo. Ukimuuliza mama yake achague kati ya bingwa wa mkutanoni na wa kambini, atakuuliza jina la mwanawe ni la ngapi kwenye orodha.