Njaa ya Mwewe Usiiite Mapenzi

Siku hizi kila nikishika simu sikosi video ya kijana aliyembeba mwewe au bundi begani, na chini yake watu wamejaa wakiuliza wampate wapi wa kwao. Ningewaomba wasimtafute. Ndege mla nyama hafai kufugwa nyumbani, na kinachowavutia kwenye video, ule utulivu wake, ndicho kinachowapotosha.

Mbwa atakufuata hata akiwa ameshiba. Kipanga sivyo. Wanaowinda naye kule nchi za Kiarabu za Ghuba na Ulaya humpima kwenye mizani kwa gramu, kwa sababu akizidi uzito kidogo tu haoni haja ya kurudi mkononi. Anarudia nyama, na wao wanalijua hilo vizuri. Anayejidanganya ni mfugaji wa nyumbani, anayeona ndege ametulia akadhani amependwa.

Kinda aliyeondolewa kiotoni mapema ana msiba wake mwingine. Huyo hukua akimwona binadamu kuwa mzazi, na akikomaa humwona kuwa mwenzi. Huwalilia watu kutwa, mara awarukie kwa makucha. Ukimwachia porini kuwinda hajui, na ndege wenzake hawatambui. Kwangu mimi hakuna aliyedhulumiwa kama huyu.

Niliwahi kumwona mwewe huku Pwani amefungwa kamba ya manila mguuni, juu ya banda la kuku. Kila akipita mtu alijirusha, kamba ikamkata, akabaki ananing'inia kichwa chini akipigapiga mbawa hadi achoke. Mkia ulikuwa umebaki vijiti. Nyayo zilimvimba kwa kusimama muda wote juu ya ubao uleule. Mwenyewe alimpenda kwa dhati, akimnunulia steki buchani. Lakini nyama tupu humkosesha ndege kalsiamu na kumdhoofisha mifupa. Porini angekula panya mzima, na mifupa yake.

Sina ugomvi na kila anayeshika kipanga. Sumu ya wadudu ya DDT ilipokaribia kuwamaliza kipanga aina ya peregrine wa Marekani kwa kufanya maganda ya mayai yao kuwa membamba, ujuzi wa wanaowinda na kipanga, kama Tom Cade, aliyeshiriki kuanzisha shirika la kuhifadhi ndege hao, The Peregrine Fund, mwaka 1970, ndio uliosaidia kuwazalisha na kuwarudisha angani. Mwaka 1999 ndege hao waliondolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Abu Dhabi nako kuna hospitali nzima ya kipanga. Wawindaji wa namna hiyo huwarusha ndege wao, na wamejifunza kazi hiyo kwa miaka. Hata hivyo, kipanga aina ya saker, kipenzi cha Waarabu, ameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka, na kunaswa kwa ajili ya biashara ni mojawapo ya sababu. Basi kama penye ujuzi wote huo bado pana gharama, kijana mwenye kamba ya manila atajitetea kwa lipi?

Nimesikia utetezi wa bundi: afadhali akae kwangu kuliko apigwe mawe na wanaomhusisha na uchawi. Mawe hayo ni ya kweli, na yananiuma. Ila kuokoa ni kumtibu ndege ili aondoke, kama wanavyofanya Kenya Bird of Prey Trust kule Naivasha. Wanaobaki ni wale wasioweza kuruka tena au kujitegemea.

Utafiti uliotolewa mwaka 2024 uliangalia aina 42 za ndege wala nyama barani Afrika, ukakuta asilimia 88 zimepungua. Tai wakubwa wengine hulea kinda mmoja tu kwa miaka miwili. Kumchukua huyo mmoja ni kuwapotezea wazazi wake kazi ya miaka miwili yote. Na sheria za wanyamapori, ya Kenya ya 2013 na ya Tanzania ya 2009, hazimruhusu mtu kujiwekea mnyama wa porini bila kibali.

Ukimkuta kinda chini ya mti, mara nyingi wazazi wako karibu. Mpandishe kwenye tawi, uondoke. Akiwa ameumia, mweke kwenye boksi lenye matundu, gizani, usimlazimishe kula wala kunywa, kisha wapigie Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) au afisa wanyamapori wa wilaya yako siku hiyohiyo.