Bega Lililoganda Halitaki Mabavu

Kwa miezi minane nilivaa shati kwa kuanzia mkono wa kushoto. Mkono mgonjwa unaingia kwanza, ukining'inia tu, kisha mzima unafuata na kumalizia kazi. Kuvua ni kinyume chake: mzima unatoka kwanza. Hakuna aliyenifundisha. Ukikosea mara moja tu, ukainua kiwiko ghafla kutafuta mkono wa shati, bega lenyewe linakufunza adabu. Maumivu yanashuka kama umeme hadi karibu na kiwiko, yanakaa hapo, nawe umesimama katikati ya chumba umeuma meno, shati nusu mwilini, ukisubiri yaondoke kwa wakati wao.

Hali hii huitwa bega lililoganda. Jina hilo la kuganda lilitolewa mwaka 1934 na daktari wa upasuaji wa Boston, Ernest Codman, ambaye mwenyewe alikiri kuwa ni ugonjwa mgumu kuueleza na mgumu kuutibu. Wajapani wana jina lao, gojukata, bega la miaka 50, na hawako mbali na ukweli, maana wengi hupatwa kati ya miaka 40 na 60, wanawake zaidi ya wanaume. Mimi jina la kuganda silipendi. Linamfanya mtu afikirie mafuta yaliyoganda chupani: yaweke juani yatayeyuka. Ndiyo maana kila aliyesikia habari zangu alikuja na dawa ya kuchua au kitambaa cha maji moto. Joto linatuliza, sikatai, na nililitumia kila jioni. Ila hakuna kilichoganda humo cha kuyeyushwa.

Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko, kapsuli, unaokishikilia pande zote. Kwa kawaida mfuko huo umelegea, na upande wa chini, kwapani, una mkunjo wa ziada unaofunguka mkono unapopanda. Fundi cherehani anaelewa jambo hili kuliko wengi wetu. Ndiyo sababu hushona kikwapa, ili mtu akiinua mkono vazi lote lisipande nao. Sasa katika ugonjwa huu mfuko unavimba na kuuma, kisha unajengeka nyuzi ngumu zinazofanana na za kovu, unanenepa na kusinyaa. Kikwapa kinatoweka. Sehemu ya mbele kwa juu hukaza kuliko zote, na hiyo ndiyo inayozuia mkono kugeukia nje.

Kugeukia nje ndiko kwenye siri yote. Bana kiwiko ubavuni, kikunje, kisha peleka kiganja nje kama anayefungua pazia. Ukishindwa, mtu mwingine akusukumie taratibu. Kano ya bega ikiwa imechanika, wewe unashindwa lakini yeye mara nyingi ataweza kuusogeza mkono. Bega lililoganda linawagomea nyote wawili. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na bado nilizunguka majuma kadhaa nikiambiwa nimelalia mkono vibaya. Eksirei ilitoka safi, kama inavyotoka kwa wengi wenye tatizo hili, nikaambiwa sina kitu. Kazi ya eksirei hapa ni kuondoa shaka nyingine, kama kiungo kilichosagika au kilichoteguka. Mfuko wenyewe hauonekani kwenye picha hiyo.

Jambo moja nitalisema kwa sauti kubwa kidogo. Bega likiganda bila sababu unayoijua, pima sukari. Wenye kisukari hupatwa mara nyingi zaidi kuliko watu wengine, na kwao hukaa muda mrefu na kuwa sugu zaidi. Matatizo ya tezi ya shingo, thairoidi, nayo yana uhusiano na bega hili. Wapo pia wanaopata baada ya kiharusi, au baada ya mkono kufungwa muda mrefu kwa sababu ya kuvunjika au upasuaji. Wengi wetu, lakini, hatukufanya lolote. Tuliamka tu.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Mtu wa kwanza kunihudumia alikuwa na mikono yenye nguvu na imani kubwa. Alinilaza chali, akashika kiwiko, akauvuta mkono juu hadi nikapiga ukelele, akasema vizuri, ndipo panapofunguka. Nilimwamini. Anayeumwa huamini upesi kuwa uchungu ni sehemu ya dawa. Usiku ule sikulala. Niliegemea ukuta nimeukumbatia mkono kama mtoto mchanga, na asubuhi haukupanda hata pale ulipofika jana yake. Nilirudi mara tatu kabla akili haijanirudia.

Baadaye nilijua kwamba mwaka 2004 Waholanzi wawili, Diercks na Stevens, walichapisha utafiti wa wagonjwa 77 wa bega hili. Kundi moja lilifanyiwa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi na kunyoosha viungo, tena kali, ya kupita mpaka wa maumivu. Jingine lilielezwa ugonjwa ulivyo, likapewa mazoezi mepesi yasiyovuka maumivu, na kuachwa liendelee na shughuli linazoziweza. Baada ya miezi 24, asilimia 89 ya kundi la upole walikuwa na bega linalofanya kazi karibu kama la kawaida, dhidi ya asilimia 63 ya waliovutwa. Niliposoma hayo nilicheka kwa hasira. Zile kelele zangu zote!

Kuna wanaoyatumia matokeo hayo kusema fiziotherapia haina maana, bega liachwe litapona lenyewe. Hapo sikubaliani nao kabisa. Kwanza kundi lile halikutelekezwa: lilikuwa na mazoezi, maelezo na mtu wa kulifuatilia. Pili, ile hadithi ya kwamba kila bega hupona lenyewe kikamilifu haina miguu imara. Wapo wanaobaki na ugumu miaka mingi baadaye. Ninachoamini mimi ni kwamba ugonjwa huu una majira, na mazoezi yaliyo dawa katika msimu mmoja ni sumu katika mwingine. Mwanzo ni maumivu, hasa usiku, na ugumu unaoongezeka. Yaweza kuwa miezi kadhaa. Kisha maumivu yanapungua, ugumu unabaki. Mwisho mkono unaanza kulegea kidogo kidogo. Safari nzima huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na anayekuahidi wiki mbili anakuuzia matumaini.

Mtaalamu wa pili hakugusa mkono kwa dakika kama kumi za mwanzo. Aliniuliza, "Usiku unalalaje?" Nikamweleza. Akachukua mto, akanionyesha namna ya kulala ubavu mzima huku mkono mgonjwa umeukumbatia mto ule mbele ya kifua, usianguke wala kuning'inia. Usiku huo nililala saa nne mfululizo, na kwangu ilikuwa sikukuu. Tena akaniandikia barua kwa daktari kuhusu sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo, kwa kuwa bado nilikuwa kwenye kipindi cha maumivu, na hapo ndipo sindano hiyo husaidia zaidi. Sindano haiponyi, inatuliza, ili mazoezi yawezekane. Wenye kisukari wajue kuwa inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo wamwambie daktari mapema.

Mazoezi yenyewe yalinikatisha tamaa kwa udogo wake. Kuinama nimeegemea meza kwa mkono mzima, mgonjwa ukining'inia na kubembea kama kamba ya ndoo, duara dogo lisilozidi sahani. Kukaa mezani na kusukuma kitambaa mbele kwa kiganja, mwili ukifuata. Kulala chali nimeshika fimbo kwa mikono yote miwili, kiwiko kigonjwa juu ya taulo lililokunjwa, mkono mzima ukiisukuma fimbo ili ule mwingine ugeukie nje. Dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Kanuni yake ilikuwa moja: mvuto usikike, ila ukiacha zoezi maumivu yatulie upesi, na usiku usiharibike. Usiku ukiharibika, kesho punguza. Hakuna aliyewahi kunipa kipimo rahisi kama hicho.

Maumivu yalipokwisha kutulia, miezi baadaye, mambo yakageuka, na hapa ndipo wengi huzembea. Haliumi tena, kwa nini nijisumbue? Kumbe huo ndio wakati wa kulisumbua. Tulianza kunyoosha kwa muda mrefu zaidi, vidole vikipanda ukutani, kiganja kikishika mwimo wa mlango huku mwili ukigeuka upande wa pili, na mtaalamu mwenyewe akikisogeza kiungo kwa mikono, taratibu, akisimama kila kilipokataa. Misuli ya nyuma ya bega nayo ilikuwa imelala, ikabidi iamshwe kwa mpira wa kuvuta.

Je, upasuaji? Upo. Daktari anaweza kuunyoosha mkono ukiwa umelazwa usingizi, au kuukata mfuko uliokaza kwa vifaa vinavyoingia kupitia matundu madogo. Mwaka 2020 Waingereza walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 503 uliolinganisha njia hizo mbili na fiziotherapia yenye mpangilio iliyoambatana na sindano. Baada ya mwaka mmoja hakuna njia iliyozishinda nyingine kwa tofauti ya maana kwa mgonjwa, na upasuaji ndio uliokuwa na madhara mazito mengi zaidi. Simzuii mtu aliyefika mwisho wa subira yake. Ningeanza tu na fimbo na taulo.

Maendeleo yangu tuliyapima kwa kidole gumba. Napeleka mkono nyuma ya mgongo, gumba linapanda uti wa mgongo, pingili kwa pingili, naye mtaalamu wangu anaweka alama. Mwanzoni gumba la kushoto liliishia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Leo linafika pingili mbili chini ya pale linapofika la kulia, na ameniambia pengine litabaki hapo. Nikamuuliza kama niongeze dakika. Akanitazama, akauliza, "Usiku unalalaje?" Nikamwambia nalala. Akafunga faili.