Difu ikilia, usikimbilie Kirinyaga Road

Peleka pikapu inayolia nyuma kwenye gereji nyingi za hapa Nairobi, na kabla hujazima injini utaambiwa: "Mkubwa, hiyo difu imekwisha, tutafute ingine." Difu ni lile kasha la gia katikati ya ekseli, linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Kutafuta ingine ni kushuka kwenye maduka ya spea ya Grogan au Kirinyaga Road, kuchagua moja kwenye rundo la zilizotoka Japani, kuizungusha kwa mkono na kulipa. Warantii ni maneno ya mdomo tu. Mimi napinga mtindo huu, ingawa najua umewasomeshea wengi watoto.

Kuzungusha kwa mkono hakuonyeshi mengi. Beringi inayoanza kuchubuka mara nyingi hujisema barabarani, ikibeba mzigo na mafuta yakiwa moto. Halafu kuna hesabu ya meno. Pikapu mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa moja na kraun (gia kubwa ya difu) ya meno 41 kwa pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 10, nyingine 43 kwa 10. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu utaona tu injini inazunguka zaidi au gari linakuwa zito mlimani. Kwa fowili, yaani gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana, ukiingiza fowili kwenye lami zitavutana hadi kitu kivunjike. Muuzaji hakuulizi, na wewe ukisahau kuuliza, hasara ni yako.

Kinachokufa kwanza, mara nyingi, ni beringi na sili, ile mipira inayozuia mafuta kuvuja. Kraun na pinioni zenyewe, kama difu haikukaukiwa mafuta, huwa bado nzima. Meno hayo yalisagwa pamoja kiwandani kama jozi, na yamezoeana kwa miaka. Ukiyakuta hayana mapengo wala vishimo, jozi hiyo pamoja na beringi mpya ni bora kuliko difu nzima usiyojua ilikotoka. Yakiwa yamemeguka, hakuna mjadala, nunua jozi mpya.

Ndiyo maana nasema ifungue mwenyewe, nyumbani. Fundi hashindwi na kazi hii. Tatizo ni kwamba analipwa kwa kazi, si kwa saa, na nyuma yako kuna Probox inasubiri. Difu inataka mtu asiye na haraka: unaweka shimu (kibati chembamba cha kurekebisha nafasi ya pinioni), unafunga, unapaka rangi kwenye meno, unazungusha, unaangalia alama imekaa wapi. Ikikaa karibu mno na ncha ya jino au ikizama kwenye shina, unafungua yote, unang'oa beringi ya pinioni, unabadilisha shimu na kuanza tena. Nani atafanya hivyo Jumamosi jioni kwa bei mliyopatana?

Hilux za zamani zinakurahisishia, maana ukishatoa hafu shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu) na propela (chuma kirefu kinachotoka kwenye giaboksi), difu inatoka nzima kwa mbele na kufanyiwa kazi mezani. Ni nzito, ita jirani. Kabla ya kufungua chochote, tia alama vifuniko vya beringi, cha kulia na cha kushoto, kwa sababu vilichongwa mahali pake na havibadilishani. Shimu ya pinioni iliyotoka itunze kama risiti, ndipo pa kuanzia. Kile kibomba cha chuma kinachojikunja kati ya beringi mbili za pinioni nunua kipya, kwani kikishakunjwa hakirudi. Nati ya pinioni ukiikaza kupita kipimo, usiilegeze kidogo ukajifanya hujaona. Weka kibomba kingine.

Kifaa kimoja usichoweza kukikwepa ni dayali geji, kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita. Plei, yaani nafasi ya kuchezea kati ya meno ya kraun na pinioni, kwenye difu nyingi za Toyota za inchi 8 (upana wa kraun) ni milimita 0.13 hadi 0.18, na hakuna kidole cha binadamu kinachosikia tofauti hiyo, hata cha fundi wa miaka thelathini. Azima, kodi, nunua, lakini usikisie. Beringi zinazohitaji presi, mashine ya kuzishindilia au kuzing'oa, zipeleke Kariobangi Light Industries, huko ni kazi ya dakika chache. Ile rangi ya kupaka kwenye meno, kama hupati ya gereji, ile ya mafuta ya wachoraji inatosha.

Mafuta yawe ya gia ya daraja la GL-5, uzito wa 80W-90 au 85W-90. Pinioni hukaa chini ya katikati ya kraun, kwa hiyo meno hayabingiriki tu, yanateleza yakikandamizana, na mafuta ya injini hayawezi kuvumilia hilo. Usiyamwage ya zamani kwenye mtaro, tafadhali.

Na angalia kipumulio, kile kitundu cha difu cha kupitishia hewa. Tangu mafuriko ya 2024 nimeona difu nyingi zenye mafuta ya rangi ya chai ya maziwa. Ukiingiza difu yenye joto kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunja, na kama kipumulio kimeziba kwa matope, difu inanyonya maji kupitia sili. Beringi mpya za bei yoyote haziwezi kuishi hivyo. Vuta mpira wake juu hadi karibu na bodi kabla ya mvua za Aprili.

Giaboksi ya otomatiki siiweki kwenye hesabu hii. Ina vijia vya mafuta vyembamba mno, na vumbi la uani linatosha kuviua. Hiyo hata mimi nampelekea fundi wake, na bei sibishani sana.