Kabla mifumo haijasomana

Kilio cha "mifumo isomane", yaani kompyuta za ofisi za Serikali zibadilishane taarifa zenyewe, ni kikubwa Zanzibar, na ni cha haki. Mwananchi wa Chake Chake hapaswi kubeba kivuli cha cheti kutoka ofisi moja kwenda nyengine wakati zote mbili ni za Serikali ile ile. Lakini mjadala karibu kila mara huishia kwenye mitambo: seva, kasi ya mtandao, programu ya kubadilishana taarifa. Kazi inayotangulia hutajwa kwa dharau, nayo ni kukaa pamoja na kuchora muundo wa data wa taasisi nzima: tunatunza kumbukumbu za nini, kila kitu kina sifa zipi, na kinahusianaje na chengine.

Wanaoidharau wana sababu. Tangu mtaalamu wa kompyuta Peter Chen alipoeleza mwaka 1976 namna ya kuchora data kwa vitu na uhusiano wake, mashirika mengi duniani yametumia miaka kuchora kila kitu, na mchoro ulipokamilika kazi zenyewe zilikuwa zimeshabadilika. Mwaka 2003 Eric Evans, mwandishi wa masuala ya usanifu wa programu, alisema wazi kwamba katika mfumo mkubwa, kulazimisha muundo mmoja kwa kila jambo hakuwezekani, au hakulipi gharama zake. Kila eneo la kazi liwe na muundo wake na mipaka yake. Hospitali inahitaji kundi la damu, ofisi ya kodi haina haja nalo. Hapo sina ubishi.

Ila hoja hiyo inapiga kanzidata moja kubwa ya kila kitu. Muundo wa pamoja unaweza kubeba mambo machache tu ambayo kila ofisi inayagusa, na la kwanza ni mtu.

Majina yetu ni la mtu mwenyewe, la baba na la babu. Mwanamke akiolewa hubaki na la baba yake. Programu nyingi tunazonunua zimetengenezwa kwa watu wenye jina moja la familia linalorithiwa. Basi ofisi moja huweka jina la babu penye nafasi ya jina la ukoo, nyengine huweka la baba, ya tatu huweka nisba (jina la ukoo au asili) ikiwepo. Ongeza tahajia: Khamis, Hamis, Khamisi, Mwanakhamis kwa neno moja au mawili. Juma Khamis Juma anaweza kuwa watu watatu katika shehia moja, na mmoja wao akawa watu watatu ndani ya kompyuta.

Sasa fikiria orodha ya Pensheni Jamii, inayolipwa tangu Aprili 2016 kwa wazee waliofika miaka 70. Tuseme kifo kimesajiliwa na taarifa zinaoanishwa kwa majina. Aliyefariki anaweza kuendelea kuonekana hai kwa sababu ya herufi moja, na mzee aliye hai akakatiwa fedha zake kwa sababu ya kifo cha somo yake. Hapo mtambo haujakosea kitu. Umesoma, umetuma, na taarifa zimefika, ila zimemfikia mtu mwengine. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko kasi yoyote ya mtandao.

Mahali nako kuna yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Katikati, Wilaya ya Magharibi iligawanywa ikawa Magharibi A na Magharibi B. Muundo usioweka tarehe za mipaka utamwonesha mpangaji wa skuli au vituo vya afya wilaya moja iliyotoweka na mbili zilizozuka ghafla.

Wapinzani wa muundo wa pamoja hupenda kutoa mfano wa Estonia: X-Road, mfumo wao wa taasisi kubadilishana taarifa, ilianza 2001, kila taasisi ikabaki na data zake. Ni kweli. Lakini nyuma yake kulikuwa na namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, na hayo ni makubaliano ya muundo. Sisi tuna kitambulisho cha Mzanzibari na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania), na watu wengi wanavyo vyote viwili. Lazima iandikwe mahali kwamba ni mtu mmoja, na ofisi ifuate ipi.

Hofu ya faragha naiheshimu zaidi. Namba inayounganisha kila kitu inaweza kufungua hata yale ya hospitali. Lakini muundo mzuri hutaja pia mwenye dhamana ya kila taarifa na nani asiione. Usipokuwepo, taarifa bado zitapita, kwa mafaili ya Excel yasiyojulikana yameishia wapi.

Mtu na shehia zinatosha kwa kuanzia. Na mezani wasikae maafisa wa TEHAMA na mzabuni peke yao. Waitwe masheha, na wanaopokea fomu dirishani Wete na Mkokotoni, maana wao ndio wanaojua ile nafasi ya jina la ukoo hujazwa nini.